Kiangazi Nyumbani Bila Mkalimani

Kwa familia nyingi za Wakongo hapa Lexington, Kentucky, Juni ikifika habari ni moja: shule zimefungwa, aliyetimiza miaka kumi na sita aende kazini. Hakuna anayeona ajabu. Hoteli zinataka watu wa kutandika vitanda, mikahawa inataka watu wa kukaanga kuku, na nyumbani kuna kodi ya pango na deni la nauli, maana mkimbizi huletwa Marekani kwa tiketi ya mkopo na hulipa kidogo kidogo akishapata kazi. Mtoto akiingiza chochote, wazazi wanapumua. Mimi nilikuwa niende hotelini na mama. Alikwisha kuzungumza na msimamizi wake, na viatu vyeusi vya kazi vilikwisha kununuliwa.

Ndipo mwalimu wetu wa Kiingereza, yule anayefundisha wanafunzi wageni, aliponipa bahasha yenye fomu za Upward Bound. Huu ni mpango wa serikali ya Marekani unaowachukua wanafunzi wa sekondari na kuwaweka chuo kikuu wakati wa likizo ya kiangazi. Wanalala bwenini, wanasoma, wanakula bwaloni, kwa upande wetu wiki sita, kisha wanarudi shuleni kwao. Ada hakuna. Nilipomtafsiria baba maneno hayo mawili alinyamaza kidogo, akauliza swali ambalo kila mzee wa kwetu angeuliza: "Na wao wanapata nini?"

Mkurugenzi wa mpango alikuja nyumbani jioni moja kumjibu. Mama alimwekea chai ya maziwa na maandazi. Mkalimani nilikuwa mimi, mwenye kesi mwenyewe, na baba alijua hivyo, kwa hiyo alinitazama usoni kila nilipofungua mdomo.

"Muulize, watoto wa kike wanalala wapi."

Jengo lao peke yao, na msimamizi kila ghorofa.

"Muulize, mtoto akiugua usiku nani atatupigia simu, na atatupigia kwa lugha gani."

Hapo mgeni wetu alikwama. Hakujitetea, alitoa daftari akaandika. Nadhani ni daftari lile lililomlainisha baba, kwa sababu watu wengi waliowahi kuja nyumbani kwetu na makaratasi walikuwa na majibu ya kila kitu. Bado alibaki na swali moja, nalo hakutaka nilitafsiri. Alinyoosha kidole juu ya friji, mahali tunapoweka barua, akaniambia mimi: "Na hizi atazisoma nani?"

Msomaji ambaye hakukulia katika nyumba ya wakimbizi anaweza kuliona swali hilo dogo. Nyumbani kwetu mzaliwa wa kwanza ndiye ofisi. Barua ya msaada wa chakula ikija kutaka taarifa za mapato kabla ya tarehe fulani, ni yeye. Mwenye nyumba akibandika notisi mlangoni, ni yeye. Shule ya wadogo zake ikipiga simu, anajibu yeye kama mzazi. Nilijua sukari ya baba imefika wapi kabla sijaweza kuandika aya moja safi ya Kiingereza, kwa kuwa daktari alinieleza mimi ili nimweleze yeye, na kuna mambo ya mwili wa mzazi ambayo mtoto hapaswi kuyapitisha mdomoni mwake. Tulikuwa na mwaka mmoja na kitu tangu tutoke kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, na katika muda huo nyumba nzima ilikuwa imejifunza kunitegemea mimi kuliko ilivyojifunza kuitegemea lugha mpya.

Swali hilo sikuwa na jibu lake, nikamweleza baba habari za mpango wenyewe. Upward Bound ilitokana na sheria ya mwaka 1964 ya Rais Lyndon Johnson, ile ya vita dhidi ya umaskini. Baadaye ikaongezwa mipango mingine miwili, na kufikia 1968 mitatu hiyo ikaitwa TRIO, jina ambalo limebaki ingawa sasa mipango imezidi mitatu. Angalau theluthi mbili ya wanafunzi wa kila mradi sharti watoke familia zenye kipato cha chini na wakati huohuo wawe na wazazi wasio na shahada. Viola Davis, yule mwigizaji mwenye Oscar, alipita huko, na Oprah Winfrey pia. Nilimwambia baba habari za Oprah nikidhani nimemaliza kazi. Yeye alikuwa ameshikilia lile neno la kipato cha chini. Alisema amechoka kupanga foleni ya maskini. Mama, aliyekuwa akikunja nguo, hakuinua hata kichwa: "Foleni ya unga tulipanga, tukala. Hii ni ya shule." Fomu ikasainiwa usiku huo.

Sitasimulia kila kitu cha bwenini. Kentucky wakati wa Juni ni joto la kunata, viyoyozi vilitugandisha ndani na jua likatuchoma nje, chakula kilikuwa kingi na hakina pilipili. Nitamtaja mwenzangu wa chumba. Nilitarajia kukutana na wageni wenzangu. Nikapangwa na msichana mzungu kutoka milima ya mashariki mwa jimbo, nchi ya makaa ya mawe, ambako migodi imefungwa mmoja baada ya mwingine na wanaume wa umri wa baba yangu wamebaki na vikohozi na televisheni. Kwao pia hakuna aliyewahi kusoma chuo. Usiku wa kwanza tuliogopana. Siku ya pili aliniambia amekumbuka chakula cha bibi yake, maharage yaliyochemshwa polepole hadi mchuzi ukawa mzito, yakaliwa na mkate wa unga wa mahindi. Nilicheka mpaka akaudhika, halafu nikamweleza ugali na maharage. Tangu hapo tulielewana. Kumbe nilikuwa nimefika Marekani nikidhani kila mzungu alizaliwa anajua chuo kikuu kinaendaje, na huyu alikuwa hajui kama mimi, tofauti yetu ni lafudhi tu.

Masomo ya asubuhi yalikuwa kemia, hesabu na uandishi. Yalinisaidia, lakini masomo hata shule yangu ilinipa. Kilichonibadilisha kilikuwa zoezi la mwalimu wa uandishi, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni. Wiki ya kwanza alituagiza kila mmoja wetu aende ofisini kwake saa alizozibandika mlangoni, akae, amuulize swali moja. Swali lolote. Asiyekwenda anapoteza alama.

Nilizunguka jengo lile. Nilikosoma mimi, shule za kambini zilizofuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, darasa likiwa na watoto zaidi ya mia, mwanafunzi aliyeitwa ofisini alikuwa na kosa. Heshima yenyewe ilikuwa kutomsumbua mwalimu. Nikaingia, nikakaa ukingoni mwa kiti, nikamuuliza kwa nini ameandika alama ya kuuliza pembeni mwa sentensi yangu ya tatu. Akaisoma kwa sauti. Akaniuliza nilitaka kusema nini. Nikasema. Akasema, "Sasa andika hivyo ulivyosema." Tulikaa na sentensi moja kwa muda mrefu, na nilipotoka nikakuta wenzangu wamepanga mstari kwenye korido, kila mmoja na karatasi yake, wengine wanatetemeka kuliko mimi.

Miaka miwili baadaye nilipoanza chuo kwa kweli, niliona wanafunzi wenye akili kunizidi wakifeli kemia kimyakimya. Mwalimu wao alikuwa anakaa ofisini saa mbili kila wiki akiwasubiri, na hakuna aliyekwenda. Waliona aibu, au hawakujua kwamba zile saa ni zao. Mimi nilikwisha kuimaliza aibu hiyo kiangazi kile, mahali ambapo kukosea hakuandikwi kwenye matokeo ya mtu.

Alasiri zilikuwa za mambo ya fedha na makaratasi, na ndizo zilizowachosha wengi. Huko ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza kwamba jimbo la Kentucky lina ufadhili uitwao KEES unaohesabiwa tangu mwaka wa kwanza wa sekondari. Kila mwaka unaoumaliza kwa wastani wa alama 4.0 unakuongezea dola 500 kwenye fedha utakazopewa kila mwaka ukisoma chuo ndani ya jimbo, na hata wastani wa 2.5 una dola 125 zake. Nilikuwa nikisoma Kentucky na sikuwa na habari kwamba alama zangu ni pesa. Tulijaza FAFSA ya mazoezi, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali, mstari kwa mstari, tukaambiwa mkimbizi anastahili msaada huo sawa na raia. Wazazi wengi wa kwetu hawajui hili hadi leo. Wanadhani ni mpaka upate uraia.

Na nyumbani je?

Wiki ya kwanza simu yangu haikupoa. Wakati wa darasa ilikuwa imezimwa, nikiiwasha inaita. Kuna karatasi ya njano, inasemaje? Mtu wa umeme yuko mlangoni. Mdogo wako ana homa, shuleni walisema dawa gani mwaka jana? Nilijibu nikiwa kwenye ngazi, nikiwa bwaloni, mara moja nikiwa nimejifungia maabarani. Mkurugenzi alinikuta nikilia, na mimi si mtu wa kulia. Hakuniambia nizime simu. Aliniuliza ni mambo gani hasa wananipigia, akakaa nami tukayaandika, halafu akachukua kila jambo tukatafuta nani anapaswa kulifanya kama si mimi.

La kliniki ndilo lililonishangaza. Hospitali au kliniki yoyote inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo. Kanuni za mwaka 2016 zilizotungwa chini ya sheria ya bima ya afya zilikwenda mbali zaidi: mtoto hatakiwi kutumiwa kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Kwa muda wote ule nilikuwa nikikaa kati ya baba na daktari wakati simu ya mkalimani wa Kiswahili iko ukutani. Sheria ya Haki za Kiraia na ile iliyozaa Upward Bound ni za mwaka mmoja, 1964, na sisi tulizifahamu zote mbili kiangazi kimoja.

Nilimfundisha baba kwa simu maneno mawili ya Kiingereza ya kusema akifika mapokezi, "Swahili interpreter", na nikamwambia asiseme kingine chochote. Alikwenda. Alinipigia jioni, sauti yake imekuwa ya mtu mwingine. Mkalimani alikuwa mwanamume, mtu mzima, Mtanzania kwa lafudhi, na baba alimwuliza daktari mambo ambayo hakuwahi kuyauliza. Hakuniambia ni mambo gani. Sikumwuliza.

Barua za juu ya friji zikawa kazi ya mdogo wangu anayenifuata. Nilikuwa nikimwona mtoto. Kumbe alikuwa amekaa kimya kwa kuwa kiti kilikuwa na mtu. Alianza kuzipiga picha na kunitumia, kisha akaanza kunitumia pamoja na maelezo yake, kisha akawa ananiambia tu amekwisha kujibu. Mama naye akaanza kwenda madarasa ya Kiingereza ya jioni kanisani, aliyokuwa akisema kila siku hana muda nayo. Kufikia wiki ya tano ilipita siku nzima bila simu kutoka nyumbani, nami, sitaficha, nilisikia kama nimefukuzwa kazi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo kiangazi cha chuoni kilinisaidia nini, najibu kwamba kilitusaidia sote. Watoto wengi wa kwetu hawazuiwi na akili wala ada. Wanakubaliwa na chuo, fedha zinapatikana, halafu Agosti inafika na nyumba haiwezi kuwaachia. Kuna kijana wa jirani yetu aliyekubaliwa mapema, watu wakala keki. Julai chuo kikamwandikia kutaka uthibitisho wa mapato ya mama yake. Barua ilimkuta anafanya kazi usiku ghalani na kulala mchana, na ndiye pekee nyumbani aliyeweza kuisoma. Septemba alikuwa bado ghalani. Watafiti wawili wa Marekani, Benjamin Castleman na Lindsay Page, waliliandikia kitabu jambo hili mwaka 2014. Wanaeleza jinsi mwanafunzi aliyekwisha kukubaliwa anavyopotea katikati ya mahafali ya sekondari na siku ya kwanza ya chuo, kwa sababu ya fomu, bima, cheti cha chanjo, malipo ya kushikia chumba. Katika maeneo waliyoyaangalia, waliopotea hivyo walikuwa wengi, na zaidi ni wa familia maskini.

Haki inataka niseme pia yasiyopendeza. Wizara ya Elimu ya Marekani iligharamia utafiti mkubwa wa Upward Bound, wanafunzi wakagawanywa kwa bahati nasibu, waliopata nafasi na waliokosa, na ripoti ya mwisho ya mwaka 2009 ilisema kwa wastani haikuonekana tofauti katika kuingia vyuoni. Watetezi wa TRIO walibishana sana na namna hesabu ilivyofanywa. Mimi si mtu wa takwimu, lakini niliona jambo moja ndani ya matokeo hayohayo: faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wanafunzi ambao mwanzoni hawakutarajia kupata shahada. Anayekwenda tayari akiwa na hakika ya chuo hapati kikubwa. Anayekwenda akidhani mwisho wake ni hotelini, huyo ndiye anayegeuka. Nyumba zetu zimejaa watoto wa aina hiyo ya pili.

Na gharama ipo hata pasipo ada. Sheria inaruhusu mwanafunzi kupewa posho isiyozidi dola 60 kwa mwezi miezi ya kiangazi, fedha ambayo mama aliipata karibu kwa siku moja ya kutandika vitanda. Baba alipiga hesabu ya mshahara niliouacha, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kuna familia ambayo haiwezi kabisa kuuacha mshahara huo, na siwezi kumlaumu mzazi wa namna hiyo nikiwa nimeshiba.

Nitakachomlaumu nacho mtu ni pesa inayokwenda upande mwingine. Siku hizi barua nyingine zinaingia kwenye nyumba zetu, karatasi nzito yenye muhuri wa dhahabu, zikisema mtoto wako ameteuliwa kwa ajili ya kiangazi cha viongozi wa kesho katika mji fulani mkubwa. Chini, kwa maandishi madogo, kuna bei ya maelfu ya dola. Mzee mmoja wa kanisani kwetu alikaribia kukopa kwa ajili ya barua hiyo, akiamini serikali imemwona mwanawe. Hata kozi za kulipia za wiki mbili tatu kwenye vyuo vyenye majina hazimfungulii mtoto mlango wa kukubaliwa na vyuo hivyo. Chuo kimemkodishia tu madarasa yaliyo tupu. Mipango inayochuja kweli mara nyingi haitozi ada. RSI, mpango wa utafiti wa sayansi ulioanza 1984 na sasa unafanyika chuo cha MIT, haitozi, MITES ya hapohapo MIT haitozi, semina za kiangazi za shirika la Telluride hazitozi. Hapa kwetu Kentucky kuna Governor's Scholars, tangu 1983, wiki tano, kwa wanaoingia mwaka wa mwisho wa sekondari, nayo ni bure, na vyuo kadhaa vya jimbo huwapa waliopitia humo ufadhili. Kanuni yangu kwa wazazi wanaonipigia simu ni fupi: barua ikikusifu kabla hujaomba kitu, itupe.

Mpango wenyewe wa TRIO hauna uhakika wa kudumu. Bajeti iliyopendekezwa na Ikulu ya Marekani mwaka 2025 ilitaka fedha zake zifutwe kabisa. Miradi bado ipo mahali pengi, lakini si kitu cha kusema tutaomba mwaka kesho.

Basi mzazi mwenzangu, maana sasa nami nina wa kwangu: usingoje mtoto akuletee habari. Baada ya Krismasi nenda shuleni kwake, mwone mshauri wa wanafunzi, uliza ni mipango gani ya kiangazi ya bure iliyo karibu na mwisho wa kuomba ni lini. Watataka saini yako na fomu za kodi ya mapato za mwaka uliopita, ziweke tayari. Uliza mtoto wa kike analala wapi, ni swali zuri. Na Juni ikifika, ukienda kliniki bila yule mtoto anayekusemea siku zote, simama mapokezi uombe mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yako, na hulipi hata senti.